Matamasha ya Lamu: nimeyazunguka, haya ndiyo maoni yangu kwa wenye familia na mfuko wa kawaida

Jamani niseme mapema kabisa ili mtu asisome mpaka chini ndio aanze kuuliza "sasa unashauri nini": kati ya matamasha yanayofanyika Lamu, lile la utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa mwezi wa kumi na moja, ndilo lenye faida kubwa kwa mtu wa kawaida na watoto wake, na utamu wake hasa uko chini pale uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome, kwa wazee na kina mama waliokaa na kazi zao mkononi. Mashindano ya punda na majahazi ndiyo yanayojaa kwenye simu za watu na sawa, yanapendeza, lakini ukija kwa ajili ya hayo peke yake utarudi Mombasa ukisema "ndio hivi tu?" Nimesikia watu wengi wakisema hivyo na inaniuma manake nusu nzima ya shughuli walipita wakaiacha wakikimbilia picha.

Kwa wasioujua mji, Lamu ni mdogo. Kutoka mtaa wa Mkomani mpaka mtaa wa Langoni unatembea kwa miguu hata jasho halijakutoka vizuri, njia nyembamba mpaka ukikutana na punda aliyebeba mawe ya ujenzi inabidi ujibane ukutani apite. Mji wa kale wote umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na ni mji ambao watu bado wanaishi ndani, si magofu ya kwenda kupiga picha. Kwa hivyo tamasha likija linaingia ndani ya maisha ya watu, mama anauza viazi karai mlangoni kwake, mtoto anatumwa dukani katikati ya ngoma, mzee anatoka msikitini anasimama kidogo kusikiliza shairi halafu anaenda zake. Shughuli zimetawanyika: Mkunguni, forodhani, ndani ya Ngome, na nyingine huko kwenye mitaa ya ndani ukifuata Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Nyingi ni bure kabisa, unakuja unasimama.

Naanza na Ngome manake ndiko nilikowapeleka wanangu kwanza kukimbia jua la saa sita. Hii ilijengwa baada ya vita vya Shela (kijiji cha ufukweni jirani na mji), vile watu wa Lamu walipowapiga Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na Wamazrui waliotawala Mombasa (ndio, sisi watu wa Mombasa tulipigwa, na Lamu watakukumbusha kwa heshima zote), kisha wakaomba msaada Oman, na ikamalizika 1821. Baadaye ikawa jela, na jela ilikuwa humo mpaka 1984, yani kuna wazee wa mji wanaoikumbuka vizuri ikiwa na wafungwa. Sasa ni makumbusho na ina maktaba ndani, na ua wake wa katikati unatumika kwa shughuli za watu. Siku tuliyoingia kulikuwa na meza za mafunzo kwa watoto, kuchonga, kusuka ukili, kuandika kwa herufi za Kiarabu. Mwanangu mkubwa ana miaka kumi na moja na simu kwake ni kila kitu, lakini alikaa kwenye meza ya kuchonga mpaka nikachoka mimi. Fundi alimpa kipande cha mbao na patasi ndogo akamwonyesha jinsi ya kufuata mchoro wa ua, lile ua la duara unaloliona kwenye milango ya Lamu, akamwambia "usisukume kwa nguvu mwanangu, iache patasi iende". Hakumharakisha. Hakutuomba kununua chochote. Nilipomuuliza bei ya sanduku dogo alilokuwa amelimaliza akanitajia, ni pesa lakini ukiangalia kazi yenyewe utaelewa.

Sasa Mkunguni. Hapa nitakaa kidogo manake ndipo moyo wangu ulipo.

Kulikuwa na kina mama wanashona kofia za vito. Wengi wetu wa pwani tunaziona vichwani kwa waume zetu na baba zetu kila Ijumaa na hatujawahi kukaa tukaangalia zinavyotengenezwa. Kitambaa cheupe kinachorwa kwanza kwa penseli, halafu vinatobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kinazungushwa uzi wa hariri pembeni mpaka kinakuwa jicho dogo lililokaza, na vitundu ni mamia kwa mamia kwenye kofia moja. Mama mmoja alinipa nijaribu, nikatia sindano, akanitazama akasema "karibu, lakini uzi wako umelala, uvute usimame". Alikuwa anafanya bila hata kuangalia, huku anaongea na mwenzake mambo ya harusi ya mtu. Kofia nzuri inamchukua wiki nyingi, miezi hata, kwa sababu anashona baada ya kupika na kulaza watoto. Nikauliza wasichana wao wanajifunza? Akasema wengine, wachache, manake kofia za mashine zimejaa sokoni na mnunuzi anataka bei ya mashine kwa kazi ya mkono. Kwa hivyo dada zangu, ukimnunulia mumeo kofia Lamu, nunua kwa mama mwenyewe aliyeshona, na ukiambiwa bei usitoe ile sauti ya kushtuka.

Pembeni yao wazee wanacheza bao. Mashindano ya bao ni mambo ya kimya kwa macho lakini moto wake si mchezo, kete zinaruka, watu wamezunguka wanahesabu kimoyomoyo, na mtu akikosea mzee mmoja nyuma anaguna tu basi kila mtu anajua. Kijana mdogo kabisa, nadhani hata form four hajamaliza, alikuwa anamsumbua mzee wa watu, na mzee alipofungwa akasimama akampa mkono akamwambia wanaokuja nyuma wameanza kukomaa. Hii ndio elimu ninayoisema. Hakuna cheti wala projekta, mtoto anakaa na mtu wa miaka sabini wanaumizana vichwa na wanaheshimiana.

Na mashairi, wallahi mashairi. Lamu na kisiwa cha Pate, pamoja na mji wa Siyu ulio humo humo Pate, ni kiota cha ushairi wa Kiswahili, Mwana Kupona alitunga utendi wake kwa binti yake huko karne ya kumi na tisa na mpaka leo watu wa huku wanatunga mambo ya siku zao, madawa ya kulevya, kusomesha wasichana, afya, ardhi, bandari mpya. Ustadh Mahmoud Mau ni wa mji huu huu, imamu na mshairi, na kwa miaka mingi alikuwa mwokaji mikate. Jioni moja alisimama kijana akaghani shairi lake kuhusu unga (si unga wa ngano, mnanielewa), kwa mahadhi ya kizamani kabisa na Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, kilichonyooka, na kwenye beti zinazomtaja mama anayengojea mlangoni usiku kina mama waliokaa mbele yangu walijifunika nyuso kwa mabuibui. Hakuna aliyepiga makofi mpaka alipomaliza. Mimi nimehudhuria semina za kupinga dawa za kulevya pale mjini kwetu, zenye maji ya chupa na posho, na sijaona hata moja iliyofika pale kijana yule alipofika kwa dakika chache.

Ndio maana nilikasirika sana usiku ule ule pale kampuni moja ya kuuza bidhaa ilipofungua spika zake kubwa upande wa pili na dijei akaanza kurusha zawadi za fulana wakati mshairi mwingine, mzee wa makamo, yuko katikati ya kisa. Mzee alinyamaza akangoja, hawakuzima, akaendelea kwa sauti ya chini na sisi wa mbele ndio tuliosikia. Nitaomba hili hadharani: wenye matangazo wapewe saa zao na pahali pao mbali na uwanja wa mashairi. Maiki moja nzuri na utulivu wa saa mbili, basi, hatuhitaji makubwa.

Haya, punda na majahazi, manake najua mnangoja.

Mashindano ya punda yanakwenda kwenye njia ya forodhani, vijana wanapanda bila tandiko, fimbo na miguu tu, na mji mzima uko juu ya kuta na madirishani. Yanaisha haraka. Ukitaka kuona, usisimame penye umati karibu na kituo cha kumalizia, nenda katikati ya njia mapema ukae kivulini, na mtoto mdogo mshike mkono kweli kweli kwa sababu punda akikataa njia anaingia kwa watazamaji. Mimi kilichonifurahisha zaidi ni ile kliniki ya punda iliyoko huko huko ufukweni, ipo tangu 1987, inatibu punda wa mji bila malipo, na wao huwa na mashindano yao ya kumzawadia mwenye punda aliyetunzwa vizuri. Tulipita, wanangu wakaonyeshwa kidonda cha mgongo kinavyotokana na kubeba mzigo bila matandiko ya kutosha, na yule mdogo tangu siku hiyo akiona mkokoteni Mombasa anakagua mgongo wa punda. Kama nyumba yenu ina mtoto anayependa wanyama, peleka huko kabla ya mashindano.

Majahazi na mashua ni kitu kingine. Hapa nataka mtu aelewe kwamba saa iliyoandikwa kwenye ratiba ni ya kukisia tu, mwenye saa ni maji na upepo. Mwezi wa kumi na moja kusi imekwisha na kaskazi haijakaa sawasawa, upepo unaweza kulala asubuhi nzima, kwa hivyo manahodha wanakaa wanatazama bahari na wewe kaa uwatazame wao. Zikianza ndio utajua kwa nini watu wa Lamu wanaongea habari za mashua kama wengine wanavyoongea mpira. Tanga moja kubwa, foromali (mti unaoshika tanga) ndefu inayopinda, na ubao umetokezwa upande wa juu, vijana wanatambaa juu yake mpaka mwisho kuisawazisha mashua isilale, wamekaa juu ya maji kabisa wanapiga kelele. Kwenda na upepo kila mtu anaweza, nahodha anajulikana kwenye kubisha, yani kwenda kinyume cha upepo, pale anapogeuza na tanga linatakiwa lihamishwe mbele ya mlingoti kwa sekunde na kila mmoja ajue mkono wake uko wapi. Tuliona mashua moja ikichelewa kwenye kugeuza mara moja tu na ikapitwa na mbili.

Onyo hapa: ukitaka kukodi boti kufuata mashindano, patana bei yote kabla hujaweka mguu, kwenda na kurudi, na watu wangapi. Sisi boti moja tulipatana bei gatini na tulipofika katikati ya mkondo ikawa ile ilikuwa ya mtu mmoja. Tukabishana huku watoto wanatazama, ikaisha vibaya. Wengine niliokaa nao gesti walipata nahodha mzuri kabisa na bei ya haki, kwa hivyo si wote. Gesti yenyewe sitaitaja, walitupokea kwa tabasamu lakini chumba tulichokuwa tumelipia kilikuwa na watu, tukahamishiwa juu penye joto bila feni. Wiki ya tamasha piga simu tena siku mbili kabla, uhakikishe.

Sasa kuhusu afya na mwili, manake nimeulizwa sana na dada zangu kuhusu tamasha la yoga. Lamu ina tamasha lake la yoga tangu 2014, madarasa yanatawanyika Shela, Manda na mjini, na wanaolihudhuria wengi wanatoka Nairobi na nje. Mimi nilihudhuria darasa moja tu, siku nyingine isiyokuwa ya tamasha, asubuhi juu ghorofani chini ya makuti, upepo unaingia, mwalimu ana subira, alimwelekeza mama mwenye goti bovu aweke mto chini asijilazimishe. Mgongo wangu unaniuma kila siku kwa kazi ya kukaa na siku ile niliamka nikiwa mwepesi. Kwa hivyo yoga yenyewe naisifu. Ila gharama, ukijumlisha kiingilio, kulala Shela na boti za kwenda na kurudi, kwa familia kama yangu hapana, na natamani kila mwaka kungekuwa na madarasa ya kutosha ya wanawake wa mji, ya wanawake peke yao, mahali penye stara, kwa lugha yao. Wangejaa. Na tafadhali ukitoka darasani jifunge leso upite mjini, watu wa Lamu hawatakwambia kitu usoni lakini wewe mgeni unaona mwenyewe.

Alafu tusisahau kwamba huduma ya mwili kwa wanawake wa huku ni ya zamani sana. Mama mmoja wa hina aliyenichora kwenye kibaraza chake, siku ya pili ya tamasha, alinieleza bibi harusi anavyotunzwa, singo ya kusugua mwili ya maua yaliyosagwa na liwa, kukandwa kwa mafuta, kufukizwa udi, siku nzima mtu anashikwa na mikono ya watu wanaompenda. Nikamuuliza kwa nini hamfanyi hiyo kwa wageni wanawake wakati wa tamasha, chumba kimoja tu, akacheka akasema mtu hajamuuliza. Basi nauliza mimi hapa! Waandaaji kama mnasoma, wekeni chumba cha singo, tutalipa.

Na lile banda la kupima presha na sukari bure, karibu na uwanja, lilikuwa dogo na halina mbwembwe, lakini niliona wazee wametoka kwenye bao wamepanga foleni na bakora zao. Mzee mmoja aliambiwa presha yake iko juu na akaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya kaunti, mwenzake akamwambia "haya, na chumvi kwenye samaki ndio basi". Kuwapata wazee wa kiume wapime kwa hiari yao si kazi rahisi, wake zao watakwambia. Hapo waliopanga walifanya akili, wamepeleka huduma mahali watu walipo.

Maulidi nayaweka mbali na hizi hesabu zangu za bei na thamani, manake yale ni ibada. Yanafanyika Mfungo Sita (Rabiul Awwal), kilele chake mwisho wa mwezi, pale msikiti wa Riyadha Langoni ulioanzishwa na Habib Swaleh, na watu wanatoka Tanzania, Uganda, Comoro, mpaka ng'ambo. Kuna zefe, yani maandamano ya mitaani, kuna matari, kuna goma la wazee na bakora zao linaloenda taratibu, hatua kwa hatua, mpaka unajikuta na wewe unapumua taratibu, na kuna kirumbizi ambapo wawili wanaingia na fimbo na ngoma inawachochea. Wenyeji wanafungua nyumba zao wageni walale. Nenda, lakini nenda kama mgeni wa watu, funika kichwa, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kama umealikwa kula, kaa ule. Tarehe inafuata mwezi kwa hivyo kila mwaka inasogea nyuma siku kumi hivi, angalia kalenda ya Kiislamu.

Chakula sina la kulalamika hata kidogo. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana samaki wa kupaka, jioni kwenye njia ya forodhani mishikaki na mkate wa mofa, na juisi ya ukwaju iliyokazwa baridi. Mama aliyeuza kaimati karibu na soko, yule mwenye sufuria ya bati kubwa, alikuwa anazichovya kwenye shira yenye iliki na zafarani, zinakuja zikiwa bado zinachuruzika. Wanangu walizimaliza kabla hatujafika kona.

Alama zangu: tamasha la utamaduni nyota nne na nusu, na hiyo nusu niliyoitoa ni ya viti. Wazee na wajawazito hawana pa kukaa, na mtu wa kiti cha magurudumu kwenye zile njia za mawe ni taabu tupu. Mkeka, mabenchi na turubai la kivuli upande wa kina mama si gharama kubwa.

Kwa safari: mabasi ya Mombasa yanapitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe, sasa ni lami, ni safari ya siku nzima lakini si ile ya zamani ya kuvunjwa mgongo. Beba kitambulisho mkononi, kuna vizuizi vya polisi njiani. Mokowe unavuka kwa boti ya abiria, omba jaketi la kuokolea na umvalishe mtoto hata kama wenyeji hawavai. Ukija kwa ndege unashukia Manda, ng'ambo tu ya mji. Njoo na pesa taslimu ndogo ndogo kwa kina mama wa uwanjani ingawa wengi wanapokea kwa simu, viatu vya kuvaa na kuvua haraka, na leso mbili. Tiketi ya basi ya kurudi kata siku unayofika, manake tamasha likiisha kila mtu anataka basi la asubuhi ile ile.